Futi Tano na Inchi Tano

Duluth, Minnesota
20 Juni 2022

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama mzima, mbwa mzima, ila amekula kiatu chako kimoja cha kanisani. Utajua mwenyewe cha kumfanya ukirudi.

Najua simu haishiki mkiwa katikati ya Ziwa Superior, na mkikaribia nchi kavu Mama ndiye huinyakua. Kwa hiyo naandika, boti la posta likupandishie kwa ndoo na kamba meli ikipita pale Detroit, usome huko jikoni kwako melini ukiwa umekaa. Kaa kweli, maana nina hasira.

Baba, siku ile makocha wa vyuo waliporuhusiwa kuanza kutupigia sisi tuliomaliza darasa la kumi, nilishinda na simu mapajani. Wenzangu klabuni walipigiwa mpaka simu zikaisha chaji. Mimi nilipigiwa mara moja tu, lakini ilikuwa Chuo cha Marlow! Kocha Haverty mwenyewe! Akasema ameona video zangu nikidaka, amependa wepesi wa miguu yangu, anataka niende kambi yao ya majaribio mwezi wa saba. Anatafuta kipa mmoja wa kumpa ufadhili. Mmoja tu. Halafu akasema, "Na kwa kuwa una futi tano na inchi nane, tukupe mwaka mmoja tu wa kukua."

Nani huyo mwenye inchi nane? Mimi nina tano, tena nikiwa nimevuta pumzi. Nikafungua ukurasa wangu ule makocha wanaousoma, nikakuta ni kweli, imeandikwa nane. Wewe ndiye uliyeutengeneza na wewe ndiye mwenye neno la siri. Umeniongezea inchi tatu kama mtu anayeongeza maji kwenye supu wageni wamefika.

Futa, Baba. Naitaka Marlow kuliko kitu chochote, unajua. Bango lao liko juu ya kitanda changu tangu nikiwa na miaka kumi. Lakini nataka wanichukue mimi, si yule binti yako mrefu wa mtandaoni.

Ni mimi mwanao,
Britta


Melini, Mto Detroit
2 Julai 2022

Kwa binti yangu mkorofi,

Barua yako nimeipata, na viazi vya watu ishirini vikaungua nikiwa naisoma. Mabaharia wamekula wakinung'unika, nikawaambia wamlaumu Britta. Mgongo haujambo. Mbwa mwambie siku zake zinahesabika.

Sasa nisikilize. Hakuna kipa hata mmoja kwenye ile orodha ya makipa bora nchini aliyeandikiwa urefu wake wa kweli. Yule Peyton Dreyer wa Chicago, anayeshika namba mbili, si ameandikwa futi sita? Nilipanga naye foleni ya soseji kwenye mashindano ya ukumbini mwezi wa pili. Tulitazamana jicho kwa jicho, na mimi futi sita huzisikia tu kwa jirani.

Kocha ana majina mia tano mezani, mwanangu. Anaanza na urefu. Chini ya inchi nane, pipa la taka, na video haifunguliwi. Unadhani Haverty angeijua hiyo miguu yako? Mimi nimekufungulia mlango tu. Kuingia ni kazi yako.

Halafu umeona? Orodha mpya imekuweka wa ishirini na tatu nchi nzima! Nimeibandika kwenye friji. Humu melini hakuna anywaye maziwa bila kukusoma kwanza. Nahodha mwenyewe ameniuliza lini utapanda tena kwenye orodha.

Nifute? Ng'o! Nenda kambini, daka kila kitakachokujia, na hakuna atakayekumbuka mambo ya inchi.

Baba yako,
Rudy


Duluth
25 Julai 2022

Kwa Baba,

Shikamoo yangu ipokee, ingawa leo naitoa kwa shida. Kiafya sijambo. Moyoni sipo sawa hata kidogo.

Nimetoka Marlow. Unajua kitu cha kwanza walichofanya? Walitupima! Miguu mitupu, kisigino ukutani, msaidizi wa kocha na rula yake. Makipa wote tulikuwa tumefunga nywele juu kabisa utosini, fundo kama kikombe. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kila mmoja alikuja na lake. Msaidizi akawa analikandamiza kila fundo kwa ubao wake wa kuandikia, na wasichana wanapiga kelele kama kuku. Peyton Dreyer wako alishuka mpaka futi tano na inchi kumi, akalia.

Zamu yangu ilipofika nilifungua nywele zote zikaanguka mabegani. Nikamwambia, "Futi tano na inchi tano. Andika."

Akatazama karatasi yake. "Hapa inasema nane."

"Huyo ni baba yangu," nikamwambia. "Ananipenda."

Wote wakacheka, na yeye akacheka. Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Wakanipeleka uwanja wa nyuma, kule kwa waliokuja kujaza namba. Nikadaka, Baba. Nilidaka siku mbili kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Kocha Haverty alikuja kusimama pale jioni ya mwisho, akaniona nikiokoa penalti tatu mfululizo. Nikajua nimempata. Akaniita pembeni.

"Una moyo," akasema. "Lakini kona ya juu ya lango huifikii, na urefu siwezi kumfundisha mtu. Na ukweli ni kwamba, mtu anayeanza na uongo, sijui nimwamini vipi kwenye lango langu."

Umesikia? Wangenikataa kwa ufupi ningekunja midomo nikaondoka, maana ufupi ni wangu, nimezaliwa nao. Wamenikataa kwa uongo, na huo si wangu. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, tena ni fupi kuliko mimi.

Ile nafasi amepewa Peyton. Mimi nimeondolewa kabisa kwenye ile orodha ya nchi nzima. Fungua friji ukanywe maziwa yako.

Mwanao,
Britta


Duluth
21 Agosti 2022

Kwa Baba,

Hujambo? Meli yenu imepita Detroit mara mbili tangu nikuandikie, na ndoo imeshuka tupu. Mama anasema kwenye simu unaongelea hali ya hewa tu. Haya, nyamaza. Mimi sinyamazi.

Wanafikiri nimekwisha. Kocha wa klabu ameniambia kwa upole nijaribu kucheza beki wa pembeni. Beki! Nikamwambia nitacheza beki siku yeye atakapoota nywele. Ameniweka benchi mechi mbili, na sijutii.

Nimefungua ukurasa wangu mwenyewe. Juu kabisa nimeandika inchi tano. Wenzangu wote huweka video za mipira waliyoidaka, muziki unapiga, kana kwamba hawajawahi kufungwa tangu wazaliwe. Mimi nimeweka magoli yote niliyofungwa msimu mzima, hata lile la mechi ya kule Fargo lililonipita katikati ya miguu. Mwenye macho aangalie ni mangapi yamepita juu ya kichwa changu. Ni mawili. Mengine nilisimama vibaya, au niliteleza, au nilifungwa tu kama watu wengine.

Wasichana wa timu wamenicheka mpaka wakakaa chini. Wacheke. Mimi langoni sibanduki.

Britta


Melini, Mto Detroit
3 Septemba 2022

Kwa Britta wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili mzima.

Nilinyamaza kwa sababu niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkaidi kama punda; hilo muulize mama yako. Kila nikishika kalamu nilitaka kukuthibitishia kwamba nilikuwa na haki. Nimeshindwa. Nimekukosea, mwanangu. Nilijua dunia inapenda warefu nikakuongezea, badala ya kuiambia dunia ipishe.

Jambo jingine. Msimu wa mpira ndio msimu wa meli. Kila vuli wewe uko langoni, mimi niko majini na shehena ya mawe ya chuma ya watu. Sijawahi kukuona ukicheza mechi moja ya nje tangu ukiwa wa kimo cha meza. Nakuona kwenye simu, na kwenye simu, Britta, unalijaza lango lote. Sikuhisi kwamba nadanganya sana.

Nimeziona hizo video zako za kufungwa. Nilizionyesha jikoni hapa. Fundi wa mitambo, yule mzee asiyecheka, akasema, "Huyu mtoto ana kichaa." Akarudia kuziangalia mara tatu.

Ule ukurasa wa zamani nimeufuta wote. Nimeacha mstari mmoja tu, na huo hata unipigie magoti siuondoi: *Futi tano na inchi tano. Njooni mumfunge.*

Baba yako


Duluth
30 Oktoba 2022

Kwa Baba,

Salamu! Za siku nyingi za baridi? Huku barafu imeanza kushika kwenye nyasi, nadaka nimevaa glavu juu ya glavu. Sijambo, tena sijambo sana!

Nimepigiwa simu na Kocha Tollefson wa Chuo cha Tamarack, kule kaskazini mwa Michigan. Usikimbilie kuitafuta kwenye chati, haipo. Uwanja wao una jukwaa upande mmoja tu, upande wa pili ni miti. Unajua neno lake la kwanza? Hakusalimia. Akasema, "Nimetazama magoli yako yote. La nne ulisimama vibaya. La sita pia, kosa lile lile. Hayo naweza kukufundisha."

Nikamuuliza, "Na urefu?"

Akasema, "Urefu umeshaniandikia. Tuendelee na la nne."

Tuliongea mpaka chai ya Mama ikapoa, magoli matupu, hakuna sifa hata moja. Mwisho akasema nafasi ya kipa ni yangu. Nimekata simu nikalia, nikamwambia Mama ni mafua. Nimebandua bango la Marlow. Nikimaliza shule nakwenda Tamarack, na kila Septemba wanacheza na Marlow.

Mwanao mfupi,
Britta


Tamarack, Michigan
16 Septemba 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Hujambo? Wenzako jikoni hawajambo? Chuoni hapa ni wazima wote, ila chakula, mh, nakukumbuka kila siku.

Sikia mambo. Jumamosi Marlow wamekuja, namba nne nchi nzima, na basi lenye viti vya ngozi. Asubuhi nachukua kile kijitabu cha mechi wanachogawa mlangoni, naona nini? "Kivela, Britta. Kipa. Futi tano na inchi saba." Chuo changu mwenyewe! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikaenda ofisini na jezi yangu na glavu mkononi. Yule kijana akasema, "Lakini kila mtu huongeza, inapendeza." Nikamwambia, "Mwenzio alishaongeza tatu, na ni baba yangu, na nikamgombeza. Wewe ni nani?" Akachapa upya.

Tukaanza. Waliniona wakaambiana, kipa mfupi, pigeni juu. Nikawasikia! Wakapiga juu kipindi kizima, krosi na kona. Natoka kabla mpira haujashuka, naupiga ngumi, nadaka, naanguka, naamka. Dakika za mwisho wakapata mpira wa adhabu karibu kabisa, ukaenda kona ya juu, ile ambayo Haverty alisema siifikii. Niliifikia kwa ncha za vidole, ukagonga mwamba ukatoka. Kocha Tollefson alikuwa amenisogeza hatua mbili tangu mazoezini, nisirudie kosa la goli la nne.

Sifuri kwa sifuri. Peyton Dreyer alikuwa benchi lao muda wote, maskini. Alikuja kunikumbatia.

Halafu Kocha Haverty akanifuata, mkono mbele. Sidhani alinikumbuka. Akaniuliza, "Hivi wewe hasa una urefu gani?"

"Futi tano na inchi tano," nikamwambia. "Kwa baba yangu, nane."

Kwa hesabu zangu tutakutana nao tena, nusu fainali ya ligi, tarehe tisa Novemba, hapa hapa kwetu. Utakuwa na mawe yako njiani kwenda Cleveland, najua. Nitakutumia video.

Ni mimi,
Britta


Melini, Mto Detroit
2 Novemba 2024

Britta,

Hujambo mwanangu. Mimi sijambo, mgongo umenyooka ghafla. Mama yako ameniambia hesabu zako zimetimia, ni Marlow tarehe tisa.

Nahodha nimemwomba ruhusa, akaniambia hakuna mpishi anayeshuka melini kabla ya msimu kwisha. Nikamwambia mwaka wa ishirini na mbili huu ananipa jibu hilo hilo. Akasema nikishuka Cleveland, nisirudi. Nikamwachia aproni yangu juu ya usukani. Fundi wa mitambo alinipigia makofi.

Barua hii usiijibu. Jibu likipandishwa kwa ndoo hakuna wa kulipokea. Na mama yako tumeshakubaliana. Kazi nyingine nitapata, watu wote duniani wanakula. Tarehe tisa nitasimama nyuma ya lango lako, upande ule wenye miti, nikuone kwa macho yangu jinsi ulivyo mfupi.

Baba yako