Pikapu ya Baba Kabla ya Theluji

S.L.P. 41,
Wynyard, Saskatchewan.
9 Novemba 2019

Mpendwa dada Olesia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Na shemeji Gordon anaendeleaje na goti lake? Sisi tu wazima. Mke wangu Darlene anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujambo, bado ananigombeza kama kawaida. Baba naye anakula na kulala vizuri. Mengine nitakueleza, ingawa mimi mwenyewe sijui nianzie wapi.

Uliniandikia nimnyang'anye Baba funguo za pikapu kabla barabara hazijaganda, kwa kuwa daktari amemkataza kuendesha. Nimekusikia. Sijasahau kwamba mwaka jana alitumbukia mtaroni, akakaa humo saa mbili nzima mpaka jirani yetu Wendell alipomvuta kwa trekta. Akirudia tena kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri, tutamkuta amekufa. Lakini kila nikifungua kinywa kuzitaka hizo funguo, ananitangulia.

"Wewe, theluji inakuja, nawe umekaa tu kama mgeni! Leta jeki."

Basi badala ya kumnyang'anya gari, nikajikuta namsaidia kuitengeneza. Usinicheke.

Na ungemwona, dada! Mtu aliyeweka viatu kwenye friji Jumapili hakukosea nati hata moja. Nilitaka tufunge matairi ya theluji mawili tu ya nyuma, akanikatalia, tukafunga yote manne. Upepo aliupima asubuhi kabla gari haijatembea, akaongeza kidogo kwa sababu baridi huupunguza. Akabadilisha raba za waipa, akajaza maji ya kioo yasiyoganda, akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Mimi nikayatupa magunia ya mchanga, yale ya kuizuia gari isiteleze, nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi. Alinijia juu!

"Nani kakufundisha? Uzito unakaa juu ya ekseli! Ukiuweka huko mkiani pua inanyanyuka, usukani unabaki wa mapambo."

"Lakini Baba, Wendell ndivyo anavyoweka."

"Wendell ana trekta, ndiyo maana hajui kuendesha!"

Tukayapanga magunia sita juu ya ekseli na kuyafunga kwa kamba yasiruke tukishika breki. Halafu akakagua sanduku la dharura: mshumaa na kiberiti ndani ya kopo la kahawa, blanketi mbili, chokoleti, sepetu. Hakusahau kitu. Ni akili gani hii inayopotea huku ikibaki? Sielewi, dada, kweli sielewi.

Jumatano baridi ilikaza, hita ya injini ikalala imechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Asubuhi Baba akanipa funguo niijaribu gari barabarani. Nikarudi nyuma kwa madaha yangu yote, na waya wa hita bado uko ukutani! Soketi iling'oka pamoja na kipande cha ubao. Baba alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Na mimi ndiye ninayesahau?"

Akanipokonya funguo palepale. Nilikaa jikoni nikiwaza kwamba labda wewe na daktari mmekosea. Nakuambia ukweli, nilitamani sana muwe mmekosea.

Jana nilifunga waya mpya, tukawa tumemaliza. Baba akaizunguka gari, akagonga kila tairi kwa buti, akafuta kioo kwa mkono wa koti. Nikajikaza nimwambie habari ya funguo. Akanitangulia tena, safari hii kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa watu asiowafahamu.

"Kazi safi, kijana. Mwenye gari atafurahi. Anakaa mbali?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuwa akitania. Nikamjibu kwamba anakaa hapa hapa karibu. Akatoa funguo mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Mpelekee basi. Na umwambie aende taratibu, barabara za huku zinaua watu."

Kwa hiyo funguo ninazo, kama ulivyotaka. Tangu jana natembea nazo na sijui nifurahi au nilie, na usiku nimefanya yote mawili. Tafadhali usingoje Krismasi, njoo sasa. Leo asubuhi alikuulizia kwa jina.

Msalimie sana shemeji na wanao, Kira na Petro. Darlene anakukumbatia. Mungu awafunike huko kwenye mvua zenu, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda daima,

Orest