Picha ya Jicho la Hodan

Mpendwa mdogo wangu Abdi,

Uniwie radhi kwa kimya cha miaka kumi na miwili. Kila Ijumaa nilikuombea dua, lakini kuzungumza nawe sikuthubutu.

Leo, katika usingizi mwepesi wa baada ya adhuhuri, nimekuona machungani Hulugho. Vumbi lilikuwa jeupe kama maziwa. Ulimshika mbuzi, ukavuta kope lake la chini, ukatazama ndani. "Huyu damu imepungua," ulisema, kama zamani. Nami nikakucheka: "Mbuzi amekuwa kitabu?" Ukanijibu, "Walaal, ndugu yangu, nyinyi walimu mnasoma karatasi tu."

Nimeamka nikiukumbuka msimu ule wa mvua ambao hukulala. Uliimba mchana kutwa, ukagawa ngamia saba kwa wapita njia ndani ya wiki moja. Sisi wazee tulikusifu mkekani: huu ndio ukarimu wa marehemu baba! Hatukuona ugonjwa. Mvua ilipokatika ulinyamaza, ukakataa hata chai. Kisha ukajiua, nami nikawatangazia watu kwamba ilikuwa homa. Binti yako Hodan aliamini.

Sasa Hodan ana miaka ishirini, anaishi nami Galbet. Mwezi uliopita aligawa nguo zake zote sokoni huku akicheka. Wiki hii hatoki kitandani. Daktari ameanza kumtibu, na amemwalika kwenye utafiti. Mashine hupiga picha ya nyuma ya jicho, ambako mishipa myembamba na neva zinazofika kwenye ubongo huonekana bila kumpasua mtu. Wanachunguza kama huko kuna dalili za ugonjwa huu wa hisia kupanda na kushuka, na za hatari ya kujiua. Picha bado haiwezi kutabiri lolote, alisisitiza; kwa leo, historia ya familia ndiyo itakayomsaidia kumlinda.

Fomu inauliza: je, kuna ndugu aliyejiua? Hodan alinisomea, kisha akanitania kwa sauti dhaifu: "Adeer, baba yangu mkubwa, mbona huandiki? Si wewe uliyewachapa wanafunzi kwa kuacha nafasi wazi?"

Nimeiacha wazi.

Nikiandika ndiyo, nitamnyang'anya baba anayemjua, na jina lako litapita kinywani mwa ukoo mzima. Nikiandika hapana, daktari atamtibu mwanao bila kuijua hatari iliyo mbele yake.

Fomu inarudishwa Jumatatu. Nikishaamua nitakuandikia. Ila usinilaumu, Abdi: wewe nilichelewa kukulinda, na yeye bado yu hai.

Kaka yako mkubwa