Masizi Kwenye Bastola ya Baba Neema

Jumamosi, 14 Juni 2025

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, mtaa wetu wote wa Bulyaga umemezwa.

Baba Neema karudi kutoka Mbeya saa kumi, kifua mbele. Alikwenda uwanja wa shabaha na Zuber, rafiki yake mwenye duka la spea kule Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu. Wote wawili wana bastola za kibali, na Ijumaa ijayo polisi wanahakiki silaha za watu. Basi wazee wakaona wakapashe mikono moto.

Kanitandikia karatasi ya shabaha mezani, juu ya mchele niliokuwa nachagua! Matundu sita, yote karibu na katikati. "Hesabu mwenyewe, Mama Neema." Nikahesabu. Sita kweli. Mzee wa miaka sitini na nane! Nikampa hongera. Akajifanya hakusikia ili niseme tena. Nikasema tena. Kanywa chai vikombe vitatu kama mtu aliyetoka vitani.

Jumatatu, 16 Juni

Kaitoa bastola kwenye sanduku lake la chuma ili tu niione. "Safi kabisa. Haidai chochote."

Haidai! Ni ya chuma kisichoshika kutu, nyeupe kama kijiko cha harusi, kwa hiyo uchafu hauna pa kujificha. Mbele ya silinda, lile duara linalozunguka na kubeba risasi, kuna pete sita nyeusi. Pale mtutu unapoanzia ndiyo usiseme — sufuria ya kande ina nafuu. Nikamwambia. Akasema ni kivuli cha pazia. Nikafunua pazia. Akasema basi ni kivuli cha mti.

Nikainuka nichukue stilwaya ya sufuria na Jik ya kutoa madoa, nimalize kazi kwa dakika mbili. Hapo aliruka! Stilwaya itaikwaruza, Jik itaila, hata chuma hicho kinaliwa. Kumbe kivuli nacho kinasafishwa kwa masharti.

Kampigia Zuber alete dawa yake ya kusafishia.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimekuwa mwanafunzi. Mimi, Ikupa, niliyefundisha darasa la nne miaka thelathini!

Anasema vidole vyake vina baridi yabisi, kwa hiyo yeye ataelekeza, mimi nitafuta. Sawa. Kwanza kafungua silinda, mtutu ukiwa umeelekea ukuta wa matofali, akatoa risasi zote, tukahesabu pamoja. Sita. Akapitisha kidole kila tundu, nami nikachungulia kila tundu. Tupu. Risasi kazipeleka chumbani, kazifungia. Aliporudi akataka tuangalie tena upya! Nikasema tumeshaangalia. Akasema waliokufa nao walikuwa wameshaangalia. Kwa hilo nilimheshimu, siwezi kusema uongo.

Madirisha wazi, baridi yote ya Rungwe ikaingia ndani. Jiko la mkaa nililoliweka miguuni nikaambiwa nilitoe uani, dawa ile inashika moto. Glavu za kuoshea vyombo mikononi. Matone machache kwenye kitambaa laini — kitambaani, si kwenye bastola, isije ikatiririka ndani. Unapaka, unaacha dakika chache, unafuta. Kitambaa kikatoka cheusi tii. Kwenye kona nikatumia mswaki wa zamani (wa kwake, hajui). Unapaka tena, unafuta tena. Hakuna kusugua kwa hasira. Nilifika mahali nikaanza kufurahia, kama kumnawisha mtoto uso.

Pete zile za mbele ya silinda zilififia, hazikuisha. Anasema hazina neno, ndivyo zilivyo, ukilazimisha unaharibu chuma. Mwisho mafuta kidogo sana, halafu unayafuta kama vile hukuyapaka.

Sasa shetani akaniingia. Upande wa kushoto, juu ya kifyatulio, niliacha doa la masizi makusudi. Kubwa, kama kucha ya dole gumba. Nikampa. "Angalia, baba Neema, pamebaki mahali?"

Kaigeuza. Kaisogeza dirishani. Kaisogeza puani.

"Safi! Hata kiwandani hawafikii hapa."

Nilicheka kimoyomoyo mpaka machozi. Nikaichukua nikafuta doa. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili kama alivyoniamuru.

Halafu nikiwa namenya ndizi kicheko kikakatika. Doa lile ningeliona mimi nikiwa mlangoni.

Jumatano, 18 Juni

Nimemrudishia Zuber dawa yake dukani. Nikamsifia shabaha za rafiki yake. Akaangalia chini, akaanza kupanga boliti ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Shemeji, usinichongee."

Nikasema sema.

Matundu sita ni ya Zuber! Baba Neema alipiga zake tano kwenye tuta la udongo, moja ikaenda anakojua Mungu. Zuber akaona haya kwa niaba yake, wakati wa kukusanya karatasi akambadilishia. Na mwenyewe hajui! Anaamini ni zake. Zuber anacheka huku anaomba msamaha, mimi nacheka huku nataka kumpiga na pampu ya baiskeli.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika hapa tu.

Saa tisa, jua limetoka kidogo. Baba Neema kibarazani. Nilikuwa natoka sokoni nimevaa lile koti la bluu nililopewa na binti yetu Neema, baba yake hajalizoea. Nikasimama getini, hatua nane, kimya. Nikangoja.

Akainuka kwa adabu, akanisalimia Kinyakyusa. "Ugonile! Karibu, mama mchungaji."

Mama mchungaji! Yule mfupi, mimi mrefu! Nikabana pua, nikakohoa kama mwenye mafua, nikauliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Akasema mke wangu kaenda sokoni, angekuwepo asingekuacha usimame. Nikauliza, sauti ya puani, anaendeleaje. Nilidhani atanisema, maana asubuhi tulizozana juu ya chumvi.

"Yule anazeeka vizuri kuliko mimi," akasema. "Mimi namfuata kwa sauti tu siku hizi."

Nikasema nitapita tena, nikazungukia nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Akaita, "Mama Neema, umemkosa mama mchungaji sasa hivi!" Nikasema kweli, nimemkosa.

Sijacheka mpaka sasa. Kila jioni mimi huingia migombani nyuma ya nyumba kukata majani ya mbuzi, panga mkononi, khanga kichwani. Siku moja mbwa atabweka, naye atatoka na kile kitu nilichoking'arisha kwa mikono yangu. Ataniita nani siku hiyo?

Kesho kituoni nitamwambia afisa. Nimeamua. Au nitamwambia mwenyewe kwanza. Au wote.

Ijumaa, 20 Juni

Sikumwambia mtu. Meza ndiyo iliyosema!

Tulifika saa tatu. Afisa kijana, mpole, sauti ya kanisani. Kaifungua bastola, kaiangalia huku na huku, kalinganisha namba na kibali. "Mzee, silaha safi kuliko zote leo. Kaisafisha nani?"

"Mimi mwenyewe."

Mume niliyeishi naye miaka arobaini na moja!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo mara mbili kumwomba afisa tuzungumze pembeni. Mara mbili Baba Neema kageuka kunitabasamia. Nani angeweza?

Afisa akasukuma fomu. "Saini hapa, mzee." Akachukua kalamu kwa mbwembwe, akaandika jina lake lote, Anyitike, mkia wa herufi ya mwisho kama wa chuo kikuu. Mwandiko mzuri sana. Nje ya karatasi. Juu ya meza.

Afisa akaitazama meza. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama kalenda.

"Mzee," akasema taratibu, "hii naomba tuitunze hapa mpaka uniletee cheti cha daktari wa macho. Jumatatu nenda hospitali." Akaandika stakabadhi, akanipa mimi.

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika kwenye mteremko alishika kiwiko changu, kitu asichofanya mbele za watu. Nyumbani kasema neno moja tu: "Wamenunua meza ya rangi ya karatasi. Makusudi."

Jumapili, 22 Juni

Hakwenda ibada. Anasema kichwa. Zuber alikuja mchana, wakajifungia sebuleni saa nzima. Nilipopeleka chai wakanyamaza wote wawili, kama watoto wa darasa la nne wenye chura mfukoni. Najua sura ile.

Nesi mmoja tunayesali naye kaniambia inawezekana ni mtoto wa jicho, ukungu tu kwenye jicho, na wanautoa, mtu anaona tena. Nimemwambia Baba Neema. Kasema yeye haoni ukungu wowote isipokuwa huu wa Tukuyu.

Jumatatu, 23 Juni

Saa moja asubuhi. Naandika nimesimama, jikoni.

Nimejua walichokuwa wanafanya! Zuber alipimwa macho hospitali mwezi uliopita, akapiga picha ile karatasi ya ukutani yenye herufi E zinazogeukageuka. Kamchorea rafiki yake kwa makaa, kila E kubwa kama sahani. Usiku kucha nimesikia, "Kulia, chini, kushoto, juu," nikadhani anaota kwata.

Sasa hivi kaniita. Kavaa suti ya harusi ya Neema, tai imekaa shingoni upande. Kanipa karatasi. Hakuniangalia.

"Nisimamie, Ikupa. Nikikosea uniambie."

Ikupa. Si Mama Neema.

Nikasema baba Neema, ukifaulu hawatakutibu. Utabaki hivyo hivyo. Akasema nikifeli nitabaki mzee wa kulinda migomba kwa fimbo. Nikasema ukitibiwa utaniona. Akasema, "Tuanze mstari wa kwanza."

Kasimama katikati ya sebule, ananyoosha mkono kama askari wa barabarani. Kulia. Sawa. Chini, kushoto. Sawa. Mstari wa pili wote sawa — ana kichwa huyu mtu! Mstari wa tatu kasema juu. Ni chini. Kasema tena juu, kwa uhakika, mkono unaelekea dari.

"Sawa?"

Nikasema ngoja, maziwa yanachemka. Hakuna maziwa jikoni. Bodaboda wawili wameshafika getini wanapiga honi. Karatasi ninayo huku, na yeye bado kanyoosha mkono juu, namwona kupitia mlango, anauliza tena:

"Ikupa, sawa?"