Mgeni Kaa Kwako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini hujambo huko, na kile kikohozi cha wifi kimemtoka. Huku tunaendelea vizuri. Mama anakusalimu, jana alimaliza chakula, akaomba nyongeza.

Uliniagiza mambo mawili: nikueleze hali ya nyumba yako ya likizo, na nimtafute aliyekuchongea mpakani. Nianze na nyumba.

Nyumba ni nzima. Dirisha la chumba chako nimelifungua, kwa sababu daktari alisema Mama anahitaji hewa. Ndiyo, Mama analala chumbani kwako. Lile godoro lililokuwa bado na nailoni ya dukani, nailoni yake nimeichana. Mwanzoni aliogopa hata kulikalia, akauliza kama una habari. Nikamwambia unayo. Sasa unayo.

Utakumbuka likizo yako ya mwisho, kifua kilipoanza kumbana na choo cha nje kikawa safari kwake. Nilikuomba umwachie chumba kimoja tu. Ulikuwa umenyoosha miguu kibarazani, ukasema vyumba vile ni vya kupumzikia, si wodi. Nikakuomba basi tupokezane kumwuguza. Ukacheka, ukasema wewe hapa ni mgeni tu, na mgeni hapangiwi zamu. Nikakujibu: mgeni siku mbili, na ya tatu, kabla hajapewa jembe, wewe huwa umeshawasha gari. Fundi bomba aliyekuwa akikutengenezea bafu alicheka mpaka spana ikamponyoka. Tangu hapo mtaa mzima unakuita Bwana Siku Mbili. Mama alikuwa chumba cha uani, mlango wazi. Alisikia yote. Yeye hakucheka.

Sasa habari ya mpakani. Mipaka ilipofungwa kwa ajili ya huu ugonjwa wa mlipuko na kuachiwa wakazi peke yao, ulifika pale gari limejaa hadi kwenye paa, ukaapa kwamba wewe ni mkazi, na kama hawaamini wampigie dada yako. Wakanipigia. Ofisa alikuwa mpole sana. Aliuliza swali moja tu: huyu bwana ni mkazi wa huko, au mgeni? Nilikuwa namkanda Mama kifua, simu nimeibana begani. Nikamjibu kwa neno lako mwenyewe: mgeni. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kauli ni yake, na shahidi ni fundi bomba.

Basi usihangaike kumtafuta mchongezi. Na radhi siombi.

Mipaka itafunguliwa tu, na ukija tutakupokea vizuri. Chumba cha uani kiko wazi, na choo cha nje unakijua. Ukifikisha siku ya tatu, jembe liko nyuma ya mlango.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni amebaki kwake, na mwenyeji anapona.

Msalimie wifi, na watoto waambie bibi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenyeji