Mzabibu wa Nyuma ya Ukuta

Jumatano, 9 Aprili
Nimepuliza tena mzabibu. Maziwa kidogo, maji mengi, asubuhi jua likitoka. Sumu sitaki, wajukuu wanachuma wanakula papo hapo. Majani yenye unga mweupe nimekata, nimechoma. Mche huu baba aliutoa shambani kwake Dodoma. Shamba limeshauzwa, baba yuko kaburini. Kwangu umebaki huu tu. Ukifa, basi tena.

Jumamosi, 12 Aprili
Ukungu, ule unga mweupe, umerudi. Najua unakotoka. Kwa Nassoro, jirani wa nyuma, mwenye duka la taa. Kipando cha mzabibu wake nilimpa mie mwenyewe! Hajaupogoa hata siku moja, umekuwa kichaka. Kila jioni anauogesha kwa mpira, eti anaosha vumbi. Majani yanalala yameloa. Ukungu unataka nini zaidi?

Nimemwambia kwa upole. Akacheka mbele ya wateja. "Mama Neema, mti unaunywesha maziwa, kwani ndama huyo?" Nimetabasamu. Moyoni nimemtafuna mbichi.

Alhamisi, 17 Aprili
Katupa majani yake mabovu juu ya ukuta. Yote juu ya mzabibu wangu. Zabibu zangu zinapasuka, zinaoza. Nimelia kwa hasira. Huyu atanitambua.

Jumamosi, 19 Aprili
Nassoro na mkewe wameenda msibani Tanga. Ufunguo wa geti kaniachia mie, nimlishie kuku. Mie!

Nimewalisha kuku. Kisha nikachukua mkasi wa baba. Nimekata kila jani, kila kichala, kila tawi refu. Nimechoma yote. Nimemwachia mifupa.

Jumanne, 22 Aprili
Wamerudi. Nimemsikia mkewe akipiga kelele uani. Raha niliyoipata, Mungu anisamehe. Au asinisamehe, sawa tu.

Jumapili, 11 Mei
Nimechungulia. Mifupa inachipua! Majani mapya, safi, na vichala vidogo.

Mjinga mie. Mzaliwa wa Dodoma mzima, nimesahau kwamba mzabibu ukiupogoa ndiyo unazaa. Mkono ulikata kama baba alivyoufundisha, ukaacha macho mawili ya kuchipua kila tawi. Nilienda kuua, nimemlimia bure. Hata wangu umeacha kuota unga.

Jumamosi, 23 Agosti
Nassoro kabisha hodi. Sinia limejaa zabibu. "Shikamoo, mama. Nilijua ni wewe. Nilitaka kukushtaki kwa mjumbe." Kaomba nimfundishe kupogoa, na hayo maziwa. Maji siku hizi anamwagia shinani.

Nimeitikia marahaba. Sinia nimelipokea.

Alipoondoka nimekula moja. Tamu ileile ya shambani kwa baba. Nimechukia. Nikachukua nyingine.