Dole gumba langu kule Meksiko

Kilburn, Jumapili jioni

Wino bado uko kwenye kucha. Nimesugua tangu tushuke ndege, hautoki.

Ukumbi wa mji kule Meksiko ni mzuri, siwezi kusema uongo. Matao ya mawe ya enzi za ukoloni wa Wahispania, ua katikati, na juu ofisi ya ndoa. Nikasaini kama shahidi wa ndoa ya mwanangu Neema. Mara karani akanisogezea kijisanduku cha wino, akanionyesha nibonyeze dole gumba.

Nikarudisha mkono. Marehemu mama aliweka dole gumba kila ofisi kwa sababu hakusoma. Mimi nimesoma!

Neema, kwa Kiingereza chake cha siku zote, akasema kule kila anayesaini huweka na dole. Bwana harusi, daktari mzima, akaninyooshea lake, jeusi tii.

Nikaweka. Aibu ikanishika, lakini si ya wino.

Maana mama alipokuwa akibonyeza dole lake, mimi niligeukia ukutani ili watu wasijue ni mama yangu.

Sisugui tena. Kesho kazini wakiuliza, nitawaambia nimesaini kama alivyosaini mama yangu.