Bima Ilinirudishia Gari Bila Breki, Mwanafunzi Ananishukuru

Mpendwa mshauri, nimebeba shukrani ambayo si yangu na sijui niirudisheje kwa mwenyewe, naomba unisaidie.

Mimi ni mwalimu wa udereva, gari ninalo moja tu, lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja yangu mimi ninayekaa pembeni, na gari hilo liligongwa ubavuni na basi likiwa limeegeshwa, bima ikakubali kulitengeneza bila ubishi, nikamshukuru Mungu, kumbe nimeshukuru mapema mno, maana kampuni ina gereji zake ilizozichagua na huruhusiwi kwenda kwa fundi wako, ya kwanza ikakaa nalo ikidai inangoja mlango, siku nimekwenda kulitazama nikaambiwa limehamishiwa gereji nyingine ya orodha hiyohiyo, na huko fundi akaniuliza mimi kama najua lina tatizo gani. Lilipotoka liling'aa, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamenisubiri hadi wengine wakanihama, nililipokea asubuhi na asubuhi hiyohiyo nikampakia mwanafunzi.

Mwanafunzi mwenyewe ni mama mjane, fundi cherehani, anashona sare za shule na anataka kuzipeleka mwenyewe badala ya kumbembeleza mpwa wake kila muhula. Marehemu mumewe hakumruhusu hata kushika ufunguo, na wanawe humtania kwamba siku atakayoingia barabarani kuku wahame mtaa. Alikuwa mwoga, mshauri, mwoga kwelikweli, akiona gari linakuja hunitazama mimi badala ya barabara, nami nilimgombeza hadi nikachoka. Basi tukawa tunashuka mteremko wa sokoni, mkokoteni wa maji ukachomoza nyuma ya lori, nikakanyaga breki yangu, ikazama kama nakanyaga mto wa kulalia, gari halina habari, nikajua tumeua. Gari likasimama. Ni yeye aliyelisimamisha. Mwenye mkokoteni aliweka kiganja juu ya boneti akahema, kisha akaja dirishani kwangu, kwangu mimi, akasema, "Mwalimu, Mungu akuzidishie, umefundisha mtu."

Kumbe chuma kinachounganisha pedali yangu na breki kilikuwa kimetolewa, eti si cha kiwandani, na maagizo ya bima ni kurudisha gari lilivyotoka kiwandani. Nani alikitoa? Gereji ya pili inasema gari lilikuja hivyo, ya kwanza inasema liliondoka kwao likiwa zima, na kampuni inasema huenda nilikitoa mwenyewe, shahidi wangu nani, lakini kwa huruma yao watanipeleka gereji ya tatu.

Shahidi ni yule mama, aliyepanda gari asubuhi ileile lilipotoka gereji. Lakini yeye anaamini nilizuia mguu wangu makusudi. Aliniambia machozi yakimlengalenga, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kwanza kukaa karibu nami ukaniachia." Tangu siku hiyo, kwenye gari nililoazima kwa mwalimu mwenzangu, anaendesha akitazama mbele, na amenishonea shati, na mtihani wake ni wiki ijayo. Mke wangu anasema nikimwambia ukweli namrudisha kwenye cherehani na usukani hataugusa tena. Nikinyamaza, sina la kuiambia kampuni. Nifanyeje?

Mwalimu wa kiti cha pembeni

*

Mwalimu, pole kwa hofu uliyoipata, na pole yangu iishie hapo, maana nina ugomvi nawe. Wewe unayewafundisha watu kukagua gari kabla ya kuwasha injini, umepokea gari lililozungushwa kwa mafundi usiowajua, na hukukanyaga pedali yako hata mara moja? Rangi ilikulevya. Usirudie.

Sasa kampuni. Nimesoma masharti ya bima mengi kuliko anavyopaswa kusoma mtu mwenye akili timamu, na wimbo ni uleule: gereji wanakuchagulia wao kwa sababu eti wanaiamini, ikivuruga wanakuambia kagombane nayo. Hapana. Anayekukataza fundi wako akakupa wake, amejitwika makosa ya huyo wake. Acha kupigwa danadana kati ya gereji mbili. Iandikie kampuni, yenyewe peke yake. Na hilo neno la kiwandani lisikutishe: walikuuzia bima ya gari la kufundishia, wakachukua ada ya gari la kufundishia, wakakurudishia gari la kwendea harusini. Piga picha pale chuma kilipokuwa. Kataa gereji ya tatu hadi gari likaguliwe na mtu asiyekula sahani moja nao. Wakikaa kimya, nenda kwa mamlaka inayosimamia bima. Kabla ya hapo, gari hilo lisibebe mwanafunzi hata hadi kwenye kona.

Tuje kwa mama. Mkeo ana huruma, lakini huruma yenu nyote wawili imekaa kichwa chini miguu juu. Mnadhani ujasiri wake unaegemea imani yako kwake. Hebu fikiri: kama kweli ulimwachia, basi ulikuwa nyuma yake, tayari kumwokoa. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu nyuma yake. Gari lilikuwa na breki moja tu, chini ya mguu wake, naye akaikanyaga. Wiki ijayo akifaulu, ataendesha gari lisilo na wewe ndani. Nani atamwambia kwamba ameshawahi kufanya hivyo, na akaweza? Unamnyima sifa yake ili ubaki na yako.

Mwambie kabla ya mtihani, gari likiwa limezimwa. Usianze na kampuni wala ushahidi, atadhani unamtumia. Sema hivi: "Mama, siku ile mimi nilikuwa abiria tu. Uliyetuokoa ni wewe. Ahsante." Kisha funga mdomo wako, najua walimu mnavyopenda kuongeza. Akilia, mwache alie. Akikukasirikia, ana haki. Akishatulia ndipo umwombe awe shahidi, na akikataa usimbembeleze.

Ila sidhani kama atakataa. Mtu aliyeambiwa leo kwamba aliokoa maisha ya watu hatafuti pa kuificha habari hiyo.